Malalamiko Kuhusu Mwendo wa Kaka Yangu Amisi katika Kompyuta Yenu

Rumonge, Jumatatu, tarehe 17 Juni 2019

Kwa Bwana Hubert, Mkurugenzi wa Kituo cha Mafunzo ya Kompyuta, hapa hapa Rumonge.

Bwana Mkurugenzi,

Amahoro. Mimi ni Swedi Kabwe, fundi cherehani, umri wangu miaka sitini na tisa, mkazi wa kartie ya Waswahili, nyumba ya tatu ukitoka msikitini. Hatujawahi kuzungumza, lakini ile suruali yako ya kijivu uliyovaa siku ya kupokea wanafunzi wapya niliipanua mimi kiunoni, na sikumwambia mtu. Kwa hiyo nakuandikia kama mtu ambaye tayari amekutunzia siri.

Mjukuu wangu Mwamini yuko kwako mwaka wa pili. Alipoanza alituambia anajifunza kompyuta, na mke wangu Mwanvua akafurahi sana, akidhani mtoto atakaa ofisini kwenye kiti chenye magurudumu na kuwapigia watu barua. Tulichelewa kuelewa kwamba mnamfundisha kuumba watu. Anaanza na mifupa, anaivika nyama, kisha anawatembeza, picha ishirini na nne kwa kila sekunde. Kuna Jumamosi nzima alishinda mezani na mtu wake hakuvuka hata kizingiti cha mlango. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, Mungu alimaliza haraka kuliko wewe." Akanijibu bila kugeuka, "Babu, Yeye hakukatiwa umeme." Hilo sikulilalamikia.

Ninacholalamikia ni kazi yake ya mwisho, ile sinema fupi mtakayoikagua Alhamisi. Mwalimu wake, Bi Cibalonza, aliwaagiza wanafunzi wachague jambo la kwao wanalolijua. Wenzake wakachagua boti, mpira, mashine ya kukamua mawese. Mwamini akanichagua mimi: Siku ya Uhuru mwaka 1962, nilipokuwa na miaka kumi na miwili, kisha mwaka 1972, tulipoondoka. Hakuniuliza kama nina nafasi. Yaliyonipata tangu hapo ni haya.

1. Nilitembezwa nikiwa nimefunga. Ilikuwa katikati ya Ramadhani, saa kumi na moja jioni, saa ambayo hata mbuzi anajua mzee haguswi. Mwamini alisimama na simu mwisho wa barabara yetu akaniambia nimwendee, kwa sababu anataka kujifunza magoti ya wazee. Nikamwendea. Akasema, "Babu, rudia. Goti ya kushoto iko inachelewa." Nikarudia mara kumi na moja. Jirani yetu Domitille, anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, pale kona, aliacha biashara yake akanifuata: "Mzee Swedi, uko mugonjwa? Ao umepoteza kitu?" Nikamjibu kwamba niko shuleni. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesalimia wagonjwa.

2. Kanzu. Watu wenu wa kwenye kompyuta walivaa kanzu ngumu kama mabati. Mtu akigeuka, nguo inabaki inaangalia Kongo. Nilipocheka, Mwamini akampigia Bi Cibalonza simu, na Bi Cibalonza akaomba kuongea na mimi. Kwa siku tatu mama huyo wa Bukavu aliniuliza jinsi pamba inavyoanguka begani, jinsi pindo linavyochelewa nyuma ya mguu, na kwa nini. Nilimweleza yote. Sasa kanzu zinatembea vizuri kuliko zangu, na jina langu halimo popote. Nataka liandikwe, hata kwa herufi ndogo.

3. Nilivunjiwa heshima ndani ya Uhuru wa nchi yangu. Kwa miaka hamsini na saba, huko Kigoma tulikokimbilia na hapa tangu tuliporudi, nimekuwa nikisimulia kwamba siku ile nilikuwa mstari wa mbele, hatua tatu kutoka mlingoti, bendera ya Wabelgiji iliposhuka na yetu yenye ngoma katikati ikapanda. Nimesimulia kwamba niliona vichwa vya watu wote, na nyuma yao ziwa likimeremeta. Harusi nyingi zimeisikia habari hii na hakuna aliyeuliza swali.

Mwamini aliwazungukia wazee watatu, akawauliza soko lilikuwa wapi, ghala wapi, mlingoti wapi. Akakijenga kiwanja chote. Akamweka mtoto Swedi mstari wa mbele kwa kimo chake cha wakati ule, halafu akageuza mashine nione yale ambayo macho yangu yangeona. Bwana Mkurugenzi, niliona makalio ya polisi. Ziwa hakuna, vichwa hakuna, bendera nusu.

Mtoto akaanza kunihamisha. Akaniweka kushoto, kulia, nyuma, juu ya gari. Bi Cibalonza alikuwa amekuja kuona kazi, Domitille naye ameleta ndagala, na Mwanvua, mke wangu kwa miaka arobaini na mitano, amekaa karibu kabisa na kioo cha kompyuta. Hatimaye Mwamini akasema taratibu, "Babu, fasi yenye mutu angeweza kuona vile iko moja tu. Ni juu ya ukuta wa choo ya soko."

Ni kweli. Tulikuwa watoto tisa juu ya ukuta ule. Lakini uhuru niliuona, na niliuona wote, kuliko wakubwa waliokuwa mbele wakitazama migongo. Kompyuta yenyewe ni shahidi wangu. Ninachouliza ni kama serikali iliwapa kibali cha kufundisha watoto wetu kuchunguza babu zao. Mwanvua alicheka mpaka akaomba maji. Sasa ananiuliza, tulipokutana Ujiji na nikamwambia nina duka, lilikuwa duka kweli? Mnaona mnakotupeleka.

4. Hili ndilo kubwa, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Nilikuwa na kaka, Amisi, mkubwa wangu kwa miaka minne. Alikuwa akibeba madebe ya mawese kutoka Kizuka hadi mwaloni. Mwaka 1972, nchi ilipochafuka na watu wakaanza kutafutwa na kuuawa, alitutoa sisi wote nyumbani asubuhi, akatufikisha Kigwena, akatupakia mtumbwini pamoja na cherehani. Mama alikuwa Gatete kwa dada yake. Amisi alikuwa tayari ametia mguu mmoja majini. Akautoa. Akasema, "Ninarudi kukamata mama, nimulete. Mutangulie." Akageuka akaenda.

Mama alifika Kigoma baada ya wiki mbili kwa mtumbwi wa watu wengine. Hakuwa amemwona Amisi. Walipishana njiani, au hawakupishana. Hadi leo sijui.

Mwamini aliniuliza, "Babu, alikuwa na sura gani?" Picha yake hatuna hata moja. Nikafumba macho nimtazame ili nimwelezee mtoto. Ikaja sura ya mwanangu. Ikaja ya Mwamini mwenyewe. Ikaja yangu ya kwenye kioo. Ya Amisi haikuja. Mjukuu wangu akanipitishia pua, moja baada ya nyingine, kama muuza vifungo: hii? ao hii? Pua zaidi ya hamsini. Nikamkemea kwamba maswali yake ni ya kipolisi, nikatoka nje.

Unaelewa kosa lenu, Bwana Mkurugenzi? Nilikuwa nakaa na kaka yangu salama. Nilikuwa nikimtaja kila Ijumaa na sikujua kwamba sura yake imekwisha kuondoka. Ni shule yako iliyonijulisha.

Siku ya pili mtoto alikuja na kiti akakaa karibu yangu kwenye cherehani. Akasema, "Basi, Babu, acha sura. Alikuwa anatembea namna gani?" Nikatoka uani nikamwonyesha. Bega la kushoto chini kwa ajili ya madebe. Mkono wa kulia mbali na mwili, kana kwamba bado unatafuta mzani. Kisigino hakigusi chini sana. Nilienda mpaka ukutani nikarudi, sikuona haya. Mwanvua, ambaye hakuwahi kumwona Amisi, aliacha kupepeta mchele.

Mwamini alikaa na mwendo ule siku tisa. Kisha akaniita. Ilikuwa mchana, mlango wazi, pikipiki zinapita. Kwenye kompyuta kulikuwa na mtu, ametugeuzia mgongo, hana sura wala hahitaji, anatoka majini anakwenda kwenye michikichi. Nikasimama. Nikasema, "Amisi," kwa sauti, kama ungemwita mtu aliyesahau kofia yake. Hakugeuka. Akaingia michikichini. Halafu mashine ikarudi mwanzo yenyewe, akatoka tena majini.

Kwa miaka arobaini na saba nimejaza fomu, Bwana Hubert. Za nchi mbili, na za mashirika zaidi ya nilivyoweza kuhesabu. Jina, mwaka wa kuzaliwa, alama ya mwilini. Hakuna fomu hata moja iliyouliza alikuwa akitembea namna gani. Ameuliza msichana wa miaka ishirini, mwanafunzi wako, aliyekuwa anatafuta pointi.

5. Nyumba yangu imekuwa ukumbi. Kila alasiri watu wanakuja "kumwona Amisi". Domitille amekuja mara nne. Bibi mmoja wa Gatete, mzee kuliko mimi, alitazama mara moja, akashika bega lake mwenyewe la kushoto, akasema, "Eee, yule wa madebe," akaaga. Wateja wa suruali wanasubiri. Hasara hii ni ya nani?

Kwa hiyo, kwa heshima zote, ninaomba mambo yafuatayo. Kwanza, Mwamini ahamishiwe ufundi wa umeme, au ufundi wa mabomba, ambako mtu akikosea maji humwagika tu. Pili, niondolewe ukutani nirudishwe mstari wa mbele, na polisi wale wapunguzwe upana. Tatu, kama kituo chako kweli kina uwezo wa kumpata mtu ambaye nchi mbili zilishindwa kumpata, basi kiwe na mpango: kiandikishe watu wote waliopotea mwaka ule, wa kila upande, kila mmoja na mwendo wake, watu wapange foleni kwa utaratibu. Na kama hakina uwezo huo, basi kisimguse hata mmoja, na Amisi aondolewe kwenye ile sinema kabla ya Alhamisi. Mimi ni mzee. Siwezi kuagana na mtu yule yule mara thelathini kwa siku.

Nisalimie Bi Cibalonza, na umwambie pindo la kanzu ya imamu wa kwenye sinema bado linawahi. Nisalimie mlinzi wa getini, na mama watoto wako, na yule kijana wenu wa jenereta anayetuletea mwanga kwa kubahatisha. Nyumbani sote hatujambo. Mwanvua anakusalimu, bado anacheka.

Ni mimi niliyekwazika, lakini nisiye na kinyongo,

Swedi Kabwe
Fundi cherehani

N.B. Nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha Mwamini alipoingia amenuna. Anasema mnaruhusu dakika nne tu, na yake ina tano na kidogo, na kwamba mmeshauri ikatwe ile sehemu ya mwisho, kwa sababu ni mtu mmoja tu anayetembea na hakuna kinachotokea. Bwana Hubert, tafadhali sana, msiikate. Kateni mimi. Toeni Uhuru wote; Uhuru nitaendelea kuusimulia kwa mdomo, nimezoea. Nimempima kwa saa yangu ya mkononi: kutoka majini hadi anapoingia michikichini ni sekunde sitini na saba. Mpeni zote. Na msimharakishe.