Pangaboi Juu ya Gesti ya Mama Walburga

Flaviani alipanda Mbinga kutoka ziwani akiwa na begi la nguo za watu wengine na njaa yake mwenyewe. Asubuhi hiyo umeme ulikuwa umekatika. Mbele ya gesti ya Mama Walburga mgeni mmoja alikuwa anahama, simu haina chaji, anavuka barabara kwenda gesti ya Ignatio mwenye jenereta. Mama Walburga alimsindikiza kwa macho mpaka akaingia. Wageni wakiisha, gesti nayo imeisha.

Wapo watu wakiona mama ana huzuni hutoa leso. Flaviani alitoa tepu ya kupimia.

"Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa umeme wa upepo."

"Marahaba. Upepo wa wapi?"

"Wa juu ya paa lako. Unapita bure kila siku, nawe unauangalia tu."

Kwao ufukweni aliwahi kuona pangaboi la kuzalisha umeme likizunguka vizuri, maana upepo wa ziwani huja umenyooka. Wa mjini ukishagonga ghorofa la Ignatio hufika kwa jirani umechanganyikiwa, kama mlevi anayetafuta mlango. Hilo Flaviani hakulijua, na angelijua lisingemzuia.

Wakapatana magunia manne ya kahawa kavu, kazi ikikamilika.

Pangaboi likafungwa kwenye kenchi za paa, na taa ya mapokezi ikawaka. Iliwashwa na betri mpya aliyoificha darini, mali pekee ya kweli katika kazi yote.

Mchana upepo ukaja. Paa likatetemeka, vumbi likadondoka, kitanda cha chumba cha pili kikaanza kutembea. Mwalimu Urbani, mgeni wa chumba hicho, akatoka na taulo.

"Mama, huko juu mmefunga mashine ya kusaga?"

"Ni umeme, mwalimu."

"Mbona unang'oa misumari?"

Upepo ukatulia. Mapanga yakasimama kabisa, na taa ikaendelea kuwaka bila haya. Mama Walburga akatazama juu, akatazama taa, kisha akamgeukia fundi kwa upole.

"Mwanangu, kwenu mnalima kahawa?"

"Hapana mama, sisi ni wa kuvua usipa."

"Aa. Usipa."

Kesho yake magunia yalikuwa uani. Flaviani akayafungua, akachota ya juujuu, akanusa kama mtaalamu. Mmatengo, mkulima wa kahawa wa hapa Mbinga, angezamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, hata gunia likiwa la mama yake mzazi. Alipoyabeba akayaona mepesi, akafurahi: kumbe kahawa imekauka vizuri.

Huko Songea mnunuzi, Mama Edina, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Ukatoka na makapi ya kinu cha kukoboa kahawa.

"Wewe umetoka ziwani," akasema, akarudia chai yake.

Flaviani akapiga simu. Mama Walburga akapokea akiwa mapokezi. Pangaboi lilikuwa limeshashushwa, paa limetulia, na betri ya darini imechomekwa ukutani ijae kabla umeme haujakatika tena. Yule mgeni wa Ignatio alikuwa amerudi, anachaji simu.

"Mama, umenipa makapi. Kahawa iko juu tu."

"Na pangaboi lako, mwanangu, si lilikuwa juu tu?"

"Basi nirudishie betri yangu."

"Betri gani tena, baba? Gesti hii inatumia upepo."