Vijiko Vitatu vya Babu wa Babu

Jumatatu, 5 Mei

Nimenyimwa sukari! Mimi, mwenye nyumba! Daktari ametamka, mkamwana wangu ametekeleza. Kopo limehamia kabati la juu, na kwa magoti haya hata kizingiti nakiomba ruhusa. Nikamwambia chai bila sukari ni maji ya kusuuzia vikombe. Akacheka, akanimiminia nyingine.

Sina ugomvi naye, niseme ukweli. Kabla mwanangu hajamwoa, nyumba hii ilikuwa pango. Tangu mama watoto afariki, tuliishi humu kama mizigo iliyosahauliwa stoo. Yeye akasogeza kabati lililoziba dirisha la sebuleni. Kumbe tuna jua! Ameotesha mboga kwenye ndoo mbovu barazani. Harufu ya gundi yangu ya viatu, iliyonishinda tangu nikiwa fundi kijana, ameitoa kwa sabuni na ubishi. Mwanamke wa shoka. Lakini sukari!

Jumatano, 7 Mei

Mpango umeiva.

Mkamwana kalalamika kwamba familia hii haina jambo lake. Mwanangu ni dereva wa lori, anakula amesimama kana kwamba injini inawaka. Mjukuu wangu wa kike anakula na televisheni. Mama yake anataka tuwe na kitu chetu, mtoto akikua akikumbuke.

Nikaona mlango u wazi, nikaingia na viatu. Nikakohoa kizee. Nikasema ukoo wetu una mila, tangu babu wa babu. Jumamosi jioni wote huketi pamoja. Mkubwa wa nyumba hutiliwa vijiko vitatu vya sukari kwenye chai, akanywa kwa niaba ya wote, ili nyumba ipate utamu.

Mwanangu akasema hajawahi kuisikia. Nikamjibu kwamba hata kuzaliwa kwake hakukusikia, na alizaliwa.

Mkamwana macho yakamng'aa. Akauliza mkubwa huyo hufanya nini kabla ya kunywa. Swali gani hilo! Sikuwa nimejiandaa. Nikaropoka kwamba humsifu kila mmoja kwa jambo jema la wiki hiyo. Mdomo huu utaniua kabla ya sukari.

Jumamosi, 10 Mei

Kitambaa safi mezani. Maua ya mboga kwenye glasi. Mtoto kachanwa nywele. Na sukari! Nilisema vijiko vitatu, sikusema vya ukubwa gani. Mkamwana kaleta kijiko cha kumpimia mtoto dawa. Akili ya huyu binti!

Nikanyoosha mkono. Akanikumbusha kwa adabu: "Sifa kwanza, Baba."

Sijamsifu mtu tangu nilipokuwa nachumbia. Nikamwambia mwanangu hongera kwa kurudi salama. Mjukuu akadakia kwamba hiyo ni sifa ya lori. Ikabidi nitafute nyingine. Nikasema nilimwona Jumanne amefika hoi, bado akambeba mtoto mgongoni mpaka akalala. Mwanangu akatazama sahani. Mtoto nikamsifu kwa kumwagilia mboga. Kwa mkamwana nilitaka kufupisha, chai inapoa. Nikajikuta nasema alituletea jua ndani. Akakimbilia jikoni kupenga kamasi.

Chai ilikuwa baridi na utamu wa kutafuta kwa tochi. Nikailamba hadi kitako cha kikombe.

Ajabu: hakuna aliyewasha televisheni. Mwanangu alikula ameketi, kisha akasimulia habari za barabarani hadi mtoto akasinzia.

Alhamisi, 15 Mei

Balaa! Mkamwana kampigia simu dada yangu mkubwa. Anakuja Jumamosi kutufundisha mila yetu kikamilifu.

Dada yangu! Tulilala mkeka mmoja, tukachapwa fimbo moja. Anajua mila pekee ya babu ilikuwa kukoroma. Akifungua mdomo tu, nitakuwa mwongo mbele ya mjukuu, na Jumamosi zetu zitakufa. Hilo la pili ndilo linaniuma. Mtoto ameanza kuuliza atasifiwa kwa lipi wiki hii. Kapanga viatu vya nyumba nzima mlangoni, vikubwa kwa vidogo, kama vinasubiri picha. Usafi huo sikuwahi kuupata mimi kwenye duka langu.

Jumamosi, 17 Mei

Nilimwahi dada stendi. Nikambebea mkoba, jambo lililomtia shaka papo hapo. Nikamweleza yote, nikambembeleza. Akatafuna pipi yake. "Haya, mdogo wangu," akasema. Sijawahi kusikia maneno ya kutisha kama hayo.

Jioni tukaketi. Akasema mila ni ya kweli kabisa. Nikapumua. Kisha akasema mdogo wake kasahau kidogo: mkubwa ni aliyetangulia kuzaliwa, awe mwanamume au mwanamke. Akanitoa kwenye kiti changu! Akasogezewa kikombe changu!

Akawasifu wote vizuri kunishinda. Akasifu kuta, mboga, viatu mlangoni. Akasema nyumba hii mtu akiingia anapata hamu ya kuishi. Aliponifikia, nikafumba macho. Akasema utotoni nilimwambia mwalimu babu amefariki ili tupate mapumziko. Babu alifariki mara nyingi muhula ule. Lakini sikudanganya hata mara moja, akasema, bila kumwombea ruhusa na yeye.

Mtoto alicheka mpaka akashuka chini ya meza. Mimi nilitazama kikombe. Dada akanywa taratibu, macho kwangu, tone kwa tone. Katili.

Jumapili, 18 Mei

Dada kaondoka. Mkamwana kaniita barazani, kwenye ndoo zake. Akasema alijua. Dada alimwambia yote siku ileile ya simu! Nikatamani ardhi ipasuke. Akasema mwaka mzima amejaribu kutukalisha pamoja, ameshindwa. "Mila zote kuna mtu alizianza, Baba. Hii ya kwetu umeianza wewe. Endelea kutusifu. Sukari ndiyo basi."

Vumbi likaniingia jichoni. Katika nyumba ambayo huyu binti hajaacha hata punje ya vumbi.

Nimekaa, nimetafakari sana, nimejipima. Kosa langu nimeliona waziwazi: sikusema mkubwa *wa kiume*.

Kesho, wakati wa chai ya asubuhi, nitawatangazia mila ya babu ya Jumatatu. Mkubwa wa kiume huachwa peke yake jikoni na kopo la biskuti, akiombea ukoo. Mlango ukiwa umefungwa.