Uzinduzi wa Chumba cha Mazoezi kwa Wauguzi Waliofeli Mtihani wa Leseni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, ambaye hayupo. Mheshimiwa Makamu, anayemwakilisha. Mheshimiwa Katibu, anayemwakilisha Makamu. Wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi, makaimu wa wakurugenzi wasaidizi, matroni, wakuu wa vyuo, wazazi, wapiga picha, na ninyi vijana mlio huko nyuma, mliomaliza chuo kikuu vizuri lakini mtihani wa leseni ya uuguzi ukawagomea, itifaki imezingatiwa. (Makofi, mstari wa mbele.)

Ofisi yangu ilijiuliza swali zito: ni mambo gani yanayobashiri kwamba mhitimu huyu atafaulu mtihani wa leseni, na mwenzake aliyekaa naye dawati moja atachemsha? Nikaunda kikosi kazi, kikosi kazi kikaunda kamati, kamati ikabuni modeli ya viashiria ndani ya fremuweki jumuishi, na kwa mchakato shirikishi wa miezi kumi na minane tukasambaza madodoso mia nne, yakarudi kumi na moja, tisa kati yake yakiwa yamejazwa na ofisi yangu ili kuokoa muda. (Makofi.)

Matokeo ni mazito kitakwimu. Asilimia mia moja ya waliofaulu walikuwa wamefanya mtihani. (Mkuu wa chuo anaandika.) Alama za chuoni zinabashiri kwa asilimia thelathini na moja nukta nne, usingizi wa kutosha asilimia sita, na maombi ya mama tulishindwa kuyapima kwa sababu kompyuta iliyakataa. Lakini kiashiria kikuu, ndugu zangu, ni mazoezi ya mikono: aliyewahi kutafuta mshipa na kufunga kidonda mbele ya msimamizi anafaulu mara tano zaidi ya aliyeyasoma hayo kwenye fotokopi, na wahitimu wetu wengi hukutana na mdoli wa mazoezi kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani, wasijue wamshike wapi. Mimi binafsi sikuwahi kufanya mtihani wa leseni, ndiyo maana sijafeli hata mmoja. (Vicheko, matroni anageuka, vinakoma.)

(Binti mmoja anasimama. "Samahani mheshimiwa. Nimeshafeli mara tatu, zote kwenye vitendo. Hii ya nne ndiyo ya mwisho, nikikosa wananifuta. Mtihani ni Jumatatu. Hicho chumba tunaingia lini?" Mama yake anamvuta sketi. "Kaa, mwanangu." Hakai.)

Swali zuri, binti yangu, na linaonyesha jinsi mradi ulivyokugusa. Chumba hicho chenye vitanda kumi na viwili, midoli sita na wasimamizi wa zamu kimefikia hatua ya juu ya utekelezaji, yaani kimezinduliwa, leo, na mimi, na kilichobaki ni mambo madogo madogo ya kimajengo. ("Kimajengo vipi?" anauliza mama.) Mama, tusiingie kwenye utaalamu.

Leseni! ("Mkononi.") Leseni! ("Mkononi.") Mazoezi! (Sauti moja tu: "Wapi?")

Kwa kumalizia, namshukuru mwenye kiwanja tulichokiomba, aliyetukatalia kwa lugha ya staha. Namshukuru mwenye duka la magodoro aliyeturuhusu kupiga picha ghalani kwake, maana bila vitanda vyake jalada la ripoti yetu lisingekuwa na chumba. Na kwa namna ya pekee namshukuru binti huyu. Aliposimama nilijiambia sura hii naifahamu, nami sikukosea, kwani picha yake tuliitoa kwenye fomu yake ya mtihani, vijana wa ofisini wakamsimamisha kwa kompyuta katikati ya vitanda vile, na chini yake tukaandika: "Mhitimu wa kwanza kufaulu kupitia chumba chetu." Binti yangu, nakala elfu mbili zimeshachapwa na kusambazwa, kwa hiyo Jumatatu, tafadhali, usituangushe.

Asanteni kwa kunisikiliza. (Makofi, mstari wa mbele.)