Baiskeli Tatu za Kumuaga Kinyozi

Jumatano, 4 Agosti

Kesho tunaondoka! Baiskeli tatu, mizigo pembeni, milima mbele. Safari ya kumuaga Kinyozi, rafiki yangu, ambaye wiki ijayo anahamia ng'ambo kwa binti yake na hana mpango wa kurudi. Kibanda chake cha kunyolea na changu cha kushonea vimepakana tangu ujana wetu. Nikipiga chafya huku, yeye hunipa pole kutoka kule. Sijui nani atanipa pole sasa.

Tumeahidiana tufike kileleni pamoja, mimi na yeye, tukae chini, nimwambie neno. Kwamba nitamkumbuka. Ndiyo hilo tu, lakini mimi si mtu wa maneno hayo. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha wateja na nimeona haya.

Tatizo ni Mwalimu. Mwalimu mstaafu wa michezo, miguu kama vijiti vya kiberiti, kimbelembele. Kinyozi kamjua juzi tu, kwenye kiti cha kunyolea, na mara huyo kaalikwa! Amekuja na sheria yake: atakayefika wa mwisho jioni, kesho yake anabeba sufuria. Sufuria yenyewe ya kulisha jeshi.

Haidhuru. Mifuko ya baiskeli nimeishona mimi, yote, turubai moja, rangi moja. Ule wa Mwalimu nimeutia kitako cha pili. Humo nimelaza pasi yangu ya umeme (fundi hawezi kusafiri na makunyanzi), viatu vyangu vya ngozi, mkasi mkubwa na makopo yangu yote ya maharagwe. Kitako kisijulikane, nimekishona kwa mshono maradufu. Kazi safi! Sijawahi kushona kitu kizuri vile. Ndani ya mkanda nimefunga uzi mwekundu niutambue. Mwalimu atatweta nyuma na pasi yangu, nami nitabaki mbele na rafiki yangu.

Mke wangu kauliza pasi iko wapi. Nimesema sijui.

Alhamisi, 5 Agosti

Nilichelewa kwa Mwalimu, ambako mifuko niliitanguliza jana, nikakuta baiskeli zao zimeshafungwa mizigo. Tukaondoka. Mimi mwepesi kama karatasi! Kona ya kwanza nikapiga mluzi.

Lakini Mwalimu ni jini. Alipanda akielezea habari za pumzi na matumizi ya gia, hata jasho hana. Na pasi yangu juu! Nilimstahi kidogo, kinyume na nia yangu. Kinyozi ndiye aliyetuchosha. Tulimsubiri kila kona, anakuja anachechemea na baiskeli yake, anacheka, anasema uzee umemfikia bila kupiga hodi. Amefika wa mwisho. Sufuria yake kesho.

Nyumba ya wageni ina vitanda vitatu na taa moja. Nilipotaka kunyoosha shati ndipo nilipokumbuka kuwa kitako nilikifunga chote kwa uzi. Kuipata pasi lazima nifumue mfuko wa Mwalimu naye kaufanya mto. Nimelala na makunyanzi yangu.

Ijumaa, 6 Agosti

Mungu wangu!

Asubuhi nilimsaidia Kinyozi kufunga sufuria juu ya mzigo wake. Nikashika mkanda. Uzi mwekundu.

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja, mfuko huu kaupata wapi. Akasema Mwalimu ndiye aliyempa. Wakati wa kugawana, Mwalimu aliikagua yote mitatu, akaona huu umeshonwa vizuri zaidi, akasema lazima nimemshonea anayeondoka. Naye kwa adabu akachukua mwingine. Kinyozi akaongeza kwamba huo mshono aliuona, na hakujua la kuniambia. Ataupeleka ng'ambo, amwonyeshe binti yake.

Hapo ndipo pa kusema. Nafasi ilikuwepo, wazi kabisa! Badala yake nikamwomba tubadilishane mifuko. Akakataa katakata, akasema mzigo wake anaubeba mwenyewe, na mfuko wa rafiki yake hamwachii mtu, hata huyo rafiki.

Nikapanga upya. Nitafika wa mwisho mimi, kwa makusudi, angalau nimpokonye sufuria. Nikajikokota. Nikashuka kufunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Mwalimu akaniona, akageuza baiskeli, akashuka mlima mzima kunifuata, akaweka mkono mgongoni pangu na kunisukuma hadi juu! Huku akinitia moyo kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilimwambia aniache. Akasema hamwachi mtu.

Kinyozi amefika tena wa mwisho, na goti limevimba. Amelikanda kwa maji ya moto akisema kesho ni kilele, hata atambae atafika, kwa sababu kuna mtu amemwahidi neno. Alinitazama alipokuwa anasema hivyo. Nikajifanya natafuta soksi.

Jumamosi, 7 Agosti

Sitaki kuandika haya. Naandika.

Alfajiri niliinuka na wembe ili nikifumue kitako wenzangu wakiwa wamelala. Nikaukuta mfuko, nikaanza kufumua. Mshono maradufu, uzi wa turubai, nilioutia nta mwenyewe! Fundi gani huyu anashona kitu asichoweza kukifumua! Nilikuwa sijafika hata robo Kinyozi akaamka. Nikasema nilikuwa nakaza mshono. Akanishukuru.

Tulipanda. Baridi, mawe, barabara inapinda na kupinda. Kinyozi hacheki tena kwenye kona. Kona moja kabla ya kilele, tena kilele kinaonekana kabisa na kibao chake, goti likakataa. Akakaa kando ya barabara. Nikakaa naye. Sasa mwambie, nikajisemea. Si lazima kileleni, mwambie hapa. Nikamwambia hewa ya huku ni nzuri.

Likatokea lori la kabichi. Dereva akakubali kumchukua hadi mji wa upande wa pili. Alipouinua mfuko alitoa macho, akauliza huyu mzee kahama na karakana yake? Mwalimu akaniangalia. Nikaangalia kabichi. Kinyozi akapanda juu ya mzigo, akanipungia mkono, na lori likavuka kilele bila mimi.

Kileleni nilifika na Mwalimu. Aliniwekea mkono begani, akamwomba mpita njia atupige picha. Katika picha hiyo natabasamu. Sijui kwa nini nilitabasamu.

Jumapili, 8 Agosti

Mteremko mtupu, breki zinalia. Tumemkuta Kinyozi kwenye nyumba ya wageni ya mji, goti kwenye kiti. Mezani, pasi yangu.

Pale nilipoanza kufumua palikuwa pameachia. Viatu, mkasi na makopo kavipanga pembeni kama bidhaa dukani. Nilisubiri anitukane. Ningemshukuru. Yeye akauliza tu kama ukutani kuna umeme, maana shati lake limejikunja.

Nikasema lazima vitu hivyo vilitumbukia kwa bahati mbaya. Akasema hayo hutokea. Mwalimu alitoka nje akasema anakwenda kuangalia matairi.

Nimempigia pasi shati lake. Hata kola nimeirudia, ili nipate muda wa kumwambia neno. Kola ikaisha.

Jumanne, 10 Agosti

Tumerudi mjini. Kinyozi ananyoa wateja wake wa mwisho, amekaa kwenye kigoda kwa ajili ya goti. Nasikia mashine ikinguruma. Nimemwambia kesho nitakuja kumuaga nyumbani. Akafurahi. Akasema tukutane kwake saa tatu asubuhi, nimfikishie Mwalimu habari.

Mwalimu tena! Yeye ana picha, ana kilele, na sasa aniharibie hata kwaheri? Hapana. Ndege ni ya alasiri, hakuna atakayechelewa. Nimekwenda kwa Mwalimu nikamwambia saa tano. Saa mbili nzima, mimi na Kinyozi peke yetu! Nitasema lote. Safari hii hakuna njama, ni kupanga muda tu.

Jumatano, 11 Agosti

Saa tatu nilikuwa langoni kwa Kinyozi, shati limenyooka, neno liko mdomoni. Yeye alikuwa amekalia masanduku yake. Nikavuta pumzi. Akaniuliza mbona Mwalimu hajafika.

Nikasema wa nini, tukae. Akasema ni wa gari. Mwalimu ndiye aliyejitolea kutupeleka uwanja wa ndege, sote watatu. Walipanga tutoke mapema tupite mahali tunywe chai, mimi nikae naye kiti cha nyuma. Ilikuwa iwe zawadi kwangu. Goti lake haliwezi kupanda basi.

Tukasubiri. Alikuwa anatazama barabara, mimi natazama viatu vyake. Hatimaye akatoa simu ampigie. Nikaruka! Akimpigia nimeumbuka. Nikamwambia asipoteze salio, nakwenda kumleta mwenyewe, ni karibu. Nikapanda baiskeli, simu yangu nimeiacha nyumbani, nikakata kwa njia ya mkato, nikakanyaga kama sijawahi kukanyaga milimani.

Mke wa Mwalimu alifungua mlango. Akasema mumewe ametoka zamani, yeye akiambiwa saa tano huondoka saa nne. Kapita barabara kubwa.

Niliporudi lango lilikuwa limefungwa. Jirani akasema walinisubiri. Yule mwenye goti alishuka kwenye gari mara mbili kuchungulia njia, kisha mwenzake akamwonyesha saa.

Nilikaa pale langoni mpaka jua likawa kali. Nimekosa kumuaga rafiki yangu, na aliyenikosesha ni mimi. Nimemkosa. Nimeandika na bado inaniuma.

Ijumaa, 13 Agosti

Kinyozi kapiga simu! Amefika salama, binti yake ana ghorofa na lifti. Kauliza nilipotelea wapi. Nikasema pancha. Kanipa pole. Habari ya saa tano hakuigusa, na najua anaijua, maana sauti yake ilikuwa na kicheko kile cha kunyoa mtoto mkorofi.

Nilitaka kusema neno. Laini ikawa inakwaruza. Akawahi yeye: kwamba binti yake anatukaribisha Desemba, mimi na Mwalimu, tuendeshe baiskeli za huko, na tarehe tupange sisi wenyewe. Kaniomba nimfikishie Mwalimu habari, maana hakumpata kwenye simu.

Desemba! Nimelia kidogo, nakiri. Huko nitamwambia ana kwa ana, bila haraka, mimi na yeye tu.

Mwalimu kapita jioni kuulizia kama Kinyozi amepiga. Nimemwambia ndiyo, anakusalimu sana, anatukaribisha Januari.