Mashine Isiyosema "Tayari"

"Mmeisoma hii?" Mzee waliyempa jina la Redio alibwaga gazeti kwenye meza ya mgahawa, chai ya Kiirani ikamwagikia sahani. "Maofisi ya Hyderabad sasa yanataka watu wa skrini nyeusi. Unaandika amri mwenyewe, neno kwa neno. Kipanya kimefutwa kazi."

"Na mimi nakifuata jioni," alisema Mkaguzi.

Kijiwe kikanywea. Mkaguzi, ambaye kwao anaitwa Ilaiah, alikuwa karani wa miaka mingi, na saa kumi alikuwa na mtihani wa Unix, mfumo huo wa amri za kuandika, ofisini kwake. Akifeli, hana kazi. Laptopu ilikuwa mbele yake, katikati ya makombo ya biskuti. Redio, kondakta mstaafu ambaye hanyamazi hata akiwa na homa, aliumia sana kumwona rafiki yake alivyokonda.

Mkaguzi akaandika amri ya kuhamisha faili. Skrini kimya. Akarudia amri ileile. Safari hii mashine ikamjibu kwamba faili hilo halipo.

"Nimelipoteza," alisema, jasho likimtoka.

Madam Sulochana, anayefundisha kompyuta ghorofa ya juu, alichovya biskuti yake bila haraka. "Hujalipoteza. Lilihama ulipoandika mara ya kwanza. Mashine hii ukipatia, haisemi kitu. Ukiona inaongea, ujue umeboronga."

"Haisemi hata 'tayari'?" Redio hakuamini. "Hapa kwetu mtu akikusogezea kiti tu, mtaa mzima utajua. Nani kailea hii?"

"Mama mkwe wako," alisema Madam. "Alikusifia lini mara ya mwisho?"

Redio akajifunika uso kwa gazeti lake, na kijiwe kikaagiza chai nyingine kusherehekea.

Jioni Mkaguzi alirudi. Akaketi, akavuta kikombe, akachovya biskuti. Hakusema neno. Redio akaamini rafiki yake amefeli. Akaanza kumpoza: ofisi yenyewe ina mbu, bosi hana haya, na kuna binamu yake anatafuta karani wa duka la bangili. Mwenye mgahawa naye akaleta biskuti za bure, kama za msibani. Mkaguzi alitafuna zote, akafuta masharubu, akaomba chai ya pili.

"Bhai, ndugu yangu, sema basi," Redio alimsihi, machozi yakimlengalenga.

Mkaguzi akamtazama kwa utulivu.

"Niseme nini? Kwani nimekosea?"