Vifaranga Wangu wa Pugu na Hizo Meta Tegi Zenu

Ndugu Mhariri wa Safu ya Teknolojia,

Amani iwe kwako na kwa wote mlio ofisini. Mimi ni Kornelio, natotolesha na kuuza vifaranga hapa Pugu. Nimesoma makala yako ukizisifu meta tegi, yaani maneno yanayowekwa nyuma ya ukurasa wa tovuti ili mtambo wa kutafuta ujue ukurasa unahusu nini. Nakupa pole, maana umepotoshwa.

Kwanza, mteja akifungua ukurasa hayaoni maneno hayo. Fundi wangu wa tovuti, Bwana Edgar wa Kibamba, aliniambia, "Mzee, andika maelezo mafupi tu, unauza nini na uko wapi." Nikamuuliza kama kwao Kibamba watu huvaa shati zuri ndani ya koti lililofungwa vifungo vyote. Akarudi kwenye kompyuta yake. Nadhani alielewa.

Pili, sikuwa mkaidi. Mahali pa maelezo nilipaacha wazi, lakini kwenye orodha ya maneno muhimu nilijaza kila kitu ambacho Mtanzania hutafuta: kuku, ajira, mpira, viwanja, mchumba, dawa ya vidonda vya tumbo. Hakuja hata mwenye vidonda. Edgar akasema mtambo uliacha zamani kusoma orodha hiyo. Uliacha kwa ruhusa ya nani? Mie nikiacha kusoma barua za serikali ya mtaa, nitaachwa?

Tatu, na hapa ndipo ninapoumia. Mtambo ulipokuta maelezo hayapo, ulijichotea wenyewe maneno kutoka chini kabisa ya ukurasa wangu, kwenye masharti ya kununua vifaranga. Kila aliyenitafuta akasoma: "Waliokufa hawarudishwi. Hakikisha kabla ya kuondoka." Mama mmoja wa Mbweni alinipigia kwa sauti ya chini: "Shikamoo baba. Samahani, nyie na majeneza mnatengeneza?" Nikaitikia marahaba, nikakata simu.

Nne, vifaranga hawamsubiri mtu. Wamekua, banda limejaa, majogoo wanalala sebuleni, na mke wangu Bupe anaongea nao kuliko anavyoongea nami.

Hivyo naiomba serikali, kupitia safu yako, iuite mtambo huo ujieleze. Meta tegi zipigwe marufuku. Na kila atafutaye kitu mtandaoni, awe anatafuta kanisa au betri ya gari, aoneshwe kwanza vifaranga wangu. Sidhani kama nimeomba makubwa.

Nisalimie wahariri wenzako, mlinzi wa getini, na yule anayewachorea katuni.

Ni mimi, mwenye uchungu na nchi hii,
Kornelio, Pugu

N.B. Kabla sijaituma barua, Bupe alimpigia Edgar akamwagiza aweke maelezo haya: "Vifaranga wenye chanjo, Pugu. Tunakuletea hadi Mbweni na Kibamba." Tangu hapo simu hainipi nafasi ya kula, na hata wale majogoo wa sebuleni wamepata wanunuzi. Basi ukiichapa barua hii, naomba uiwekee juu mstari mmoja wa kueleza inahusu nini. Watu wa siku hizi hawafungui kitu wasichoelezwa.