Kompyuta Iliyomaliza Kero Segerea

Kwa heshima na taadhima, Ofisi ya Uratibu wa Kero, Kanda ya Segerea, iliutangazia umma kwamba imenunua kompyuta itakayosoma kila kinachoandikwa mtandaoni kuhusu Segerea, ielewe, kisha siku ya uzinduzi imweleze mgeni rasmi wananchi wanasumbuliwa na nini. Kwenda kuwauliza wananchi wenyewe kulionekana ni kupoteza muda, na jua lenyewe lile.

Mzee mzima Audax Kamugisha hakuwa na raha wiki ile. Alikuwa akikaimu ukurugenzi tangu kichwa chake hakijaota mvi. Mgeni rasmi akiridhika, atathibitishwa. Jamani, kukaimu kunachosha. Kiti unakikalia, lakini huthubutu kuegemea.

Bupe, ofisa wa TEHAMA, akamjulisha kuwa kompyuta imeanza na kurasa za watu wa mtaani, na tayari imejifunza habari za mabomba makavu, mashimo barabarani na matusi. Audax alishtuka. Akaagiza uchafu huo ufutwe, mashine ya serikali isilishwe tena. Isome ukurasa wa ofisi tu. Na ukurasa ule ulipendeza, nani abishe? Kila ilipowekwa picha ya Audax akikagua bomba, watumishi wote walitakiwa kuandika pongezi chini yake kabla ya chai. Asiyeandika alitafutiwa kosa. Basi kompyuta ikasoma hongera kiongozi umemaliza kero ya maji, ikasoma sasa tunateleza kwenye lami, ikasoma mpaka ikashiba.

"Bosi, hii haijui kuwa sifa hizi ni uchawa," Bupe alimwonya. "Inaamini yote."

"Hayo ndiyo maarifa," Audax akamjibu.

Siku ya uzinduzi mahema yakafungwa, itifaki ikazingatiwa. Mgeni rasmi, mama mmoja wa makao makuu asiyecheka hovyo, akaiuliza kompyuta Segerea ina kero gani. Ikajibu kwa sauti tamu kuwa haina hata moja. Zote zimemalizwa na kiongozi shupavu Audax Kamugisha. Vigelegele vikapigwa. Audax akainuka kidogo, akapunga mkono.

Mgeni rasmi alifurahi kwa dhati. Akatamka kuwa ofisi iliyomaliza kazi yake ni ya kupigiwa mfano, hivyo kuanzia Jumatatu inafungwa. Na kaimu, kwa mujibu wa taratibu, hathibitishwi kwenye ofisi isiyokuwepo.

Audax akaruka kitini. Itifaki akaisahau.

"Mheshimiwa, kero zipo. Maji hayatoki, hata mie kwangu nanunua ya ndoo. Barabara ni mashimo matupu. Wananchi wanatutukana, na wana haki."

Watu hawakuwahi kumsikia akisema kweli, na Bi Zubeda, muuza nyanya wa gengeni, alimwonea huruma kabisa. Mgeni rasmi, kwa kuwa ni mtu wa kufuata ushahidi, akaitaka kompyuta ithibitishe. Ikapekua majibu yote ambayo ofisi iliwahi kuwapa walalamikaji ukurasani.

"Taarifa hiyo ni uzushi wa mtu mwenye nia mbaya," ikasema. "Ofisi ya Audax Kamugisha inawaomba muipuuze."

Mgeni rasmi akaipuuza, akauliza chakula kiko wapi.